Joho Jekundu na Kipande cha Manamba

Msimu wa mahafali umewadia. Kuanzia sasa hadi Desemba kumbi za vyuo vyetu zitajaa majoho, kofia za pembe nne, mashada ya maua, na wazazi waliosafiri usiku na mchana kwa basi ili wasikie jina la mtoto wao likitajwa mara moja tu. Mgeni rasmi atasimama na kuwaasa wahitimu mambo matatu: waipende nchi yao, wamche Mungu, wawatumikie wananchi. Makofi yatapigwa, picha zitapigwa, na wiki itakayofuata vijana wale wale wataanza kuzunguka na bahasha za kaki wakitafuta kazi.

Sina ugomvi na nasaha hizo. Ugomvi wangu ni kwamba hutolewa kana kwamba zimeshuka jana kutoka mbinguni, bila kumbukumbu ya siku ambayo nchi hii ilizijaribu hadharani. Siku hiyo ipo. Ni Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wengi ninaowafundisha hawajapata kuisikia, na wale wachache waliosikia huijua kama kisa cha wasomi wenye kiburi waliotiwa adabu na Baba wa Taifa. Kisa hicho ni kirefu kuliko hivyo. Naomba nikieleze kwa ajili ya wanaohitimu mwaka huu, hususan vijana wa kwetu Gwarama na nyanda za juu za Kigoma kwa jumla, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo kila mhitimu atalazimika kulijibu, apende asipende: ni nani anayekudai, na anakudai nini?

Tuanze na chuo chenyewe. Elimu ya chuo kikuu ilianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Kulikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake wasingejaza basi dogo. Mwaka 1963 chuo hicho, pamoja na Makerere na Nairobi, kiliunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima ambacho kila Mtanzania leo anakiita Mlimani. Majengo yalikuwa mapya, mengi yakiwa yamejengwa kwa misaada ya nje. Vyumba vilikuwa vizuri, chakula kilikuwa cha uhakika, na karo ililipwa na Serikali. Zaidi ya yote, kazi ilikuwa inamsubiri mhitimu. Waingereza walikuwa wakiondoka maofisini, na kijana aliyemaliza shahada angeweza kujikuta, baada ya muda mfupi tu, ameketi kwenye kiti kilichokuwa cha Bwana Shauri, akilipwa mshahara uliopangwa kwa vigezo vya Bwana Shauri. Mhitimu wa leo anayesoma sentensi hiyo huenda akacheka kwa uchungu. Lakini ni muhimu aielewe, maana ndiyo iliyowafanya vijana wa 1966 wafikiri walivyofikiri.

Sasa naomba msomaji ateremke Mlimani, apande treni ya Reli ya Kati, asafiri kilometa zaidi ya 1,200 hadi Kigoma, kisha apande nami vilima kuelekea kaskazini. Gwarama ni kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012 na inayopakana na Burundi. Ni nchi ya mihogo, maharage na migomba. Katika kumbukumbu za wazee wetu ni nchi ya watu wanaoondoka.

Waliondoka kwa sababu zinazoeleweka. Wabelgiji waliishika Kigoma kuanzia 1916, wakaiachia kwa Waingereza mwaka 1921. Utawala wa Kiingereza ulidai kodi, na kodi ililipwa kwa fedha taslimu. Lakini Buha haikuwa na zao la biashara la kutosha kuleta fedha hiyo, na hakuna aliyefanya haraka kulileta. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulizidi, watu wakahamishwa na kukusanywa katika makazi maalumu ili waepukane na mbung'o, na mashamba yao ya zamani yakameza pori. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa ni nguvu za mwili. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalizihitaji. Kutoka Kasulu na Kibondo vijana wakatembea siku kadhaa hadi kwenye reli. Na tangu 1944, wenye mashamba walipoanzisha shirika lao la kuajiri lililojulikana kwa jina la SILABU, wakawa wanaandikishwa na kusafirishwa kwa makundi. Walipewa namba. Ndipo wakaitwa manamba.

Kibarua wa mkonge alihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa. Siku ambayo hakumaliza idadi ya mafungu aliyopangiwa, nayo haikuhesabiwa. Kipande kikijaa alilipwa, na kilipochelewa kujaa alisubiri. Kati ya wazee wa ukoo wetu wamo waliokwenda huko. Waliorudi walirudi na blanketi, sufuria, pengine baiskeli, na mikono ambayo miiba ya mkonge ilikuwa imeiandika kwa maisha. Wasiorudi wana wajukuu Korogwe na Kilosa ambao Kiha chao kimebaki maneno machache ya salamu.

Nawaeleza hayo kwa sababu za kihesabu, si za huzuni. Nchi hii ilipopata Uhuru, mkonge ndio ulioongoza katika mauzo yake ya nje. Katikati ya miaka ya 1960 tulikuwa tukizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna nchi duniani iliyotuzidi. Fedha za kigeni zilizonunua vitabu, dawa na vipuri zilitoka huko, na kwenye kahawa, na kwenye pamba. Hivyo tunapouliza ni nani aliyemlipia karo kijana wa Mlimani, jibu la kwanza ni Serikali. Jibu la pili, ambalo ndilo la kweli zaidi, ni manamba na mkulima, na wengi wao hawakuwa na mtoto hata mmoja aliyevuka darasa la nne. Mkoa wetu, uliokuwa ukitoa nguvukazi kwa miongo mingi, ulikuwa na wasomi wachache mno ukilinganishwa na Kilimanjaro au Ziwa Magharibi.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963. Mwanzoni liliwachukua vijana wa kujitolea, wengi wao wakiwa ni wale waliokosa nafasi shuleni. Walifyeka, walilima, walijenga barabara, walifundishwa nidhamu na ulinzi. Wasomi hawakuwemo, na ilianza kuonekana kwamba ujenzi wa taifa ulikuwa umegeuka kuwa kazi ya wasiosoma. Mwaka 1966 Serikali ikaleta mpango wa kuwalazimisha wahitimu wa kidato cha sita, wa vyuo na wa chuo kikuu kulitumikia taifa kwa miaka miwili. Miezi michache ya mwanzo ingekuwa ya kambini. Miezi 18 iliyobaki mhitimu angefanya kazi yake ya taaluma, lakini kwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wanafunzi walilalamika kwamba masharti ni magumu, kwamba wana wazazi na wadogo wanaowategemea, na kwamba wanasiasa wanaowahubiria kujinyima hawajinyimi chochote. Oktoba 22 walivaa majoho yao mekundu ya chuo, wakateremka mjini, wakaandamana hadi Ikulu. Walibeba mabango. Bango lililobaki katika kumbukumbu za watu lilisema kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Pamoja na mabango walikuwa na tamko la maandishi, lililosomwa mbele ya Rais na mawaziri wake. Ndani ya tamko hilo mlikuwa na maneno ambayo kila mwaka huwasomesha wanafunzi wangu wayatafakari: kwamba ikiwa masharti na mtazamo wa viongozi hautabadilika, miili yao itakwenda kambini lakini nafsi zao zitabaki nje ya mpango huo, na kwamba ugomvi baina ya wasomi na wanasiasa utaendelea daima.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akajibu. Waliokuwapo wameeleza kwamba alianza kwa utulivu na hasira ikapanda kadiri alivyosema. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili, na watu wengi hukumbuka moja tu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa adhabu. Aliwaambia kwamba hatamlazimisha mtu ambaye nafsi yake haimo, na kwamba warudi kwa wazazi wao. Wanafunzi 393, kwa hesabu inayotajwa zaidi, waliondolewa vyuoni siku hiyo na kusindikizwa makwao. Idadi hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa katika chuo kikuu, na walikuwamo pia wa vyuo vingine vya Dar es Salaam. Kwa nchi iliyokuwa na njaa ya madaktari, wahandisi na walimu, ilikuwa ni sawa na mkulima kuchoma ghala lake la mbegu.

Sehemu ya pili ilihusu mishahara. Mwalimu alikiri, mbele ya vijana hao hao aliokuwa akiwafukuza, kwamba jambo moja walilolisema lilikuwa kweli: mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, wake ukiwamo. Papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mawaziri wake wakafuata. Mgala muue na haki yake mpe, na Mwalimu aliitoa haki hiyo ingawa ilimgharimu. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, pamoja na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwezi Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Sidai kwamba wanafunzi wale ndio waliolizaa Azimio. Mawazo yake yalikuwa yakikomaa kwa muda. Lakini mwanahistoria anayeandika juu ya Azimio bila kuutaja mchana ule wa Ikulu ameruka ukurasa.

Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata. Baadhi yao walikuja kuwa mawakili, wabunge na mawaziri. Chuo chenyewe kilibadilika sura. Mwaka 1967 wanafunzi wenyewe, wakiongozwa na kijana wa Kiganda aliyeitwa Yoweri Museveni, waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa ufupi kama USARF, na Mlimani pakawa mahali pa mijadala iliyojulikana dunia nzima. (Chama hicho nacho kilipigwa marufuku mwaka 1970, jambo ambalo wapenzi wa historia tamu hupenda kulisahau.)

Nani alikuwa na haki? Miaka mingi nimesikia swali hili likijibiwa kwa ushabiki. Mimi naliona hivi. Wanafunzi walikosea kuhusu deni. Aliyeandika bango la kusifu ukoloni hakuwa amekutana na mtu aliyebeba kipande, au kama alikutana naye alikuwa amemsahau. Na huenda mtu huyo alikuwa baba yake. Mwalimu alikuwa na mfano aliowahi kuutoa kuhusu wasomi: kijiji chenye njaa kinakusanya chakula chote kilichobaki na kumpa mtu mmoja, ili apate nguvu za kusafiri mbali na kuleta msaada. Akila na asirudi, huyo ni msaliti. Sijaona mfano bora zaidi wa kueleza shahada ni nini katika nchi kama yetu. Asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18 haikuwa dhuluma ukiipima kwa kipande cha Mzee wa Gwarama ambaye siku yake ya homa haikuhesabiwa.

Lakini wanafunzi hawakukosea kuhusu mdai. Waliona kwamba anayewadai kwa sauti kubwa zaidi si yule aliyewalipia. Deni lilikuwa la mkulima. Aliyelishika daftari la deni alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa huyo alikuwa akiishi vizuri kuliko wadaiwa wake. Rais alilitambua hilo, ndiyo maana alikata mshahara wake kabla jua halijazama. Fikirini ingekuwaje kama angewafukuza vijana na kubaki na mshahara wake wote. Tungekuwa na kisa cha kawaida cha mtawala na wanafunzi watukutu, cha aina inayopatikana katika kila nchi.

Kisa hicho cha kawaida kilikuja kutokea, miaka 12 baadaye. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jiji, waliandamana tena. Safari hii hawakudai chochote kwa ajili yao. Walikuwa wakipinga uamuzi wa kuongeza mishahara na marupurupu ya viongozi, wakisema kwamba ni kinyume cha Azimio la Arusha. Yaani walikuwa wakisema yale aliyoyasema Rais mwenyewe mwaka 1966. Polisi waliwazuia, wakawapiga, na wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa. Wengi walirudishwa baadaye.

Yaweke matukio hayo mawili mezani pamoja. Mwaka 1966 wasomi walisahau deni lao kwa wananchi, wakafukuzwa. Mwaka 1978 wasomi walilikumbuka deni hilo, wakafukuzwa vilevile. Anayesoma la kwanza peke yake atadhani uzalendo ni utii. Akiyasoma yote mawili atashindwa kudhani hivyo, maana atakuwa ameona kwamba Serikali, hata ile iliyoongozwa na mtu mwadilifu kuliko wengi, inaweza kukosa subira kwa raia mwenye kudai na kwa raia mwenye kutetea kwa kiasi kile kile. Miiko ya uongozi yenyewe ililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM huko Zanzibar mwaka 1991, bila maandamano ya joho lolote.

Narudi kwenye yale maneno ya mwili na nafsi. Watu wa dini wangepaswa kuyashika kabla ya wanasiasa, kwani ni maneno ya kidini kuliko ya kisiasa. Muislamu hufundishwa kwamba amali hupimwa kwa nia. Mkristo hufundishwa mfano wa talanta, na anajua kilichompata yule aliyeifukia yake ardhini na kuirudisha ikiwa haijapungua wala kuongezeka. Dini zote mbili zina neno moja la msingi kuhusu elimu, nalo ni amana: umepewa si kwa kuwa ni yako. Kwa kipimo hicho, kusema kwamba mwili utakwenda na nafsi itabaki ni kutangaza utumishi uliokufa kabla ya kuanza. Na hata hivyo mna ukweli mchungu ndani yake. Dola inaweza kuagiza mwili uamke saa kumi alfajiri, uchakamchake, ufyeke, uimbe. Nafsi haiagizwi. Vijana wale walisema kwa kiburi jambo ambalo kila mchungaji na kila sheikh angelisema kwa unyenyekevu.

Huko kwetu tunao mfano wa nafsi iliyokwenda bila kuagizwa. Kabla Serikali haijafikisha shule katika vijiji vingi vya Buha, kulikuwa na shule za vichakani: paa la nyasi, magogo ya kukalia, na katekista au mwalimu wa dini aliyekuwa amesoma madarasa machache tu. Malipo yake yalikuwa madogo sana, na mara nyingi ilikuwa ni kulimiwa shamba na waumini. Huyo ndiye aliyewafundisha wazee wetu kusoma na kuandika majina yao. Hakuwa na shahada, hakuvaa joho, na hakuna aliyemwita mzalendo. Nikiwatazama wahitimu wa kutoka Kibondo, Kasulu na Kakonko wanaotajwa leo kwenye mahafali, naona kwamba wengi wao, wakifuatilia nasaba ya elimu yao hadi mwanzo, watamkuta mtu wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa kwa dhati, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa mafukara litapoteza maana yake kwa watu hao. Makatekista wa vichakani hawakuisikia hotuba hiyo. Walikuwa wameshaanza kazi.

Nasema haya nikijua kwamba kuna mahubiri ya kumcha Mungu ambayo hutumika kumziba mhitimu mdomo: vumilia, mwachie Mungu, viongozi wamewekwa na Yeye. Hayo ni mahubiri ya kuufukia uwezo ardhini, na sitaki mtu ayachanganye na ninayoyasema.

Mambo yamebadilika tangu 1966, na si haki kumhukumu mhitimu wa leo kwa kipimo cha yule. Yule alikuwa na kazi inayomsubiri. Wa leo anaweza kukaa miaka mitatu akiuza vocha kando ya barabara ya Nyakanazi huku cheti chake kiko ndani ya bahasha. Yule alisomeshwa bure. Wa leo, kama alipata bahati ya mkopo, anadaiwa na Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kwa hiyo anaposikia neno deni anafikiria deni hilo tu, na siku ya kulimaliza hujiona yuko huru na nchi. Simlaumu. Lakini mkopo ule wenyewe ulitoka kwenye kodi, na kodi ya nchi hii bado inalipwa pia na mama wa Gwarama kila anaponunua sabuni, chumvi na muda wa maongezi. Bodi inarudishiwa fedha. Mama huyo hajarudishiwa kitu.

JKT nayo ipo. Utaratibu wa kuwachukua vijana kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013, na sasa wahitimu wa kidato cha sita huitwa kila mwaka kwa miezi mitatu. Kigoma ina kambi tatu, Bulombora, Mtabila ya Kasulu, na Kanembwa ambayo iko Kakonko kwetu. Vijana kutoka Dar es Salaam na Arusha huletwa Kanembwa, na kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza kuiona Kigoma. Naunga mkono. Kijana aliyeshika jembe pamoja na mtoto wa mkoa mwingine hatakuwa mwepisi wa kumtukana baadaye. Ila miezi mitatu ya kambini haitoshi kulipa kile ninachokizungumzia, na isichukuliwe kuwa risiti.

Mtaniuliza basi, mhitimu asiye na kazi, asiye na mtaji, atalipa kwa kitu gani? Swali hilo huulizwa na wanafunzi wangu kila mwaka, na ni swali la haki. Nina jibu moja tu dogo, la kisheria, ambalo halihitaji mtaji.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu kabisa katika kijiji. Unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Huko ndiko halmashauri ya kijiji hutakiwa kusoma mapato na matumizi: michango ya madarasa, ushuru wa mazao, fedha za zahanati, ardhi iliyogawiwa na aliyegawiwa. Katika vijiji vingi nilivyovijua mkutano huo huchelewa, au hufanyika taarifa ikasomwa harakaharaka, wazee wakaitikia, watu wakatawanyika. Wazee hawakosi akili wala ushupavu. Walivuka nchi nzima kwenda kukata mkonge. Wanachokosa ni mtu wa upande wao anayeweza kuisoma taarifa ya benki, kujumlisha safu mbili za tarakimu na kuuliza tofauti imekwenda wapi, kwa heshima, bila kutukana, na bila kuogopa akiambiwa kwamba anachochea. Chuo kimewafundisha hasa hilo, hata wale waliosoma fasihi.

Mkutano wa robo ya mwisho ya mwaka huangukia karibu na Desemba, ambapo wengi wenu mtakuwa mmerudi nyumbani kwa sikukuu. Ulizeni mapema kwa Mtendaji wa Kijiji umepangwa tarehe ngapi. Kama haujapangwa, ombeni upangwe, na muombe pamoja na wazee, si peke yenu. Taarifa ikianza kusomwa, kaeni mahali mnapoweza kusikia tarakimu zote, na mwe na kalamu.